Chupa Zako za Bahari Hapa Birongo

Makori,

Chupa zako ziko salama, isipokuwa moja. Naanza na hilo kwa sababu ninakujua. Ungeuliza habari zake kabla ya kuuliza habari za Mama. Mama yuko, anachuma chai, anakula kidogo. Mkeo Kadzo yuko pia. Lakini ilibaki kidogo sana nikuandikie habari nyingine kabisa, ndiyo maana nimekaa hapa katika maabara ya shule, wanafunzi wameenda michezo na Nyamira nzima inanuka mvua, nikusimulie mambo yalivyokwenda tangu tukuzike kando ya Baba.

Ulipokuja nyumbani mara ya mwisho niliona kuna kitu hakiko sawa. Mikono ilikuwa imekonda na tumbo limetangulia mbele. Uliponiona nikilitazama ulicheka. "Ni gesi, Bosi. Chakula cha Pwani kina nazi nyingi." Wewe peke yako ndiwe uliyeniita Bosi. Kwa wengine wote mimi ni Bosibori, na siku hizi mtu akinifupishia jina hilo kwa bahati mbaya nageuka haraka, halafu naona ni mwalimu wa hesabu tu.

Kadzo alishuka nyuma yako amekumbatia kasha kama anayebeba mtoto. Ndani mlikuwa na chupa za kioo zilizofungwa kwa leso, kila moja na maji yenye rangi ya chai iliyomwagiwa maziwa kidogo. Hamkuketi hata kunywa uji. Mlianza kwa kuzipanga dirishani, upande linapotokea jua, na wewe ukatangaza kwamba mtu yeyote asiziguse. Baba Mdogo Onchiri alikuwa amekuja kukusalimu. Nilimwona akizitazama, kisha akamtazama mkeo, kisha akazitazama tena.

Kwa Mama ulijitahidi kueleza. Nilikuwa nachambua mboga za managu mlangoni na nikasikia yote. Ulimwambia kwamba chini ya bahari, karibu na ufuo, kuna nyasi, na juu ya kila jani la nyasi hizo kuna utelezi wa kahawia. Utelezi huo ni mimea midogo isiyoonekana kwa macho, aina nyingi sana, mingine imevaa magamba ya kioo. Konokono wanaula, vifaranga vya samaki vinaula, na hao ndio wanaolisha wakubwa. Sasa kuna mwani mkubwa uliotoka ng'ambo. Watu waliupanda kwenye kamba ili wauze, vipande vikakatika, vikaenda na maji, vikaota mahali ambapo hakuna aliyevipanda. Katika ile hori, ule mkono wa bahari uliokuwa ukiufanyia utafiti, mwani huo ulifunika nyasi kama blanketi. Chini yake utelezi ulibadilika. Aina ulizozijua zilitoweka moja baada ya nyingine, zikaja nyingine zinazopenda giza na uchafu, na konokono wakahama.

Mama alikusikiliza, mwishowe akasema, "Kama mikaratusi kwa kisima."

Ulipiga paja ukacheka mpaka ukashika ubavu. "Ndiyo hiyo, Mama! Mikaratusi kwa kisima!" Kila mtu hapa anajua mikaratusi ilivyonywa chemchemi ya kule chini, na nyasi ya kukatia ng'ombe ilivyokwisha kabisa chini yake. Wiki hiyo yote Mama aliwaambia watu kanisani kwamba mwanawe anapigana na mikaratusi ya bahari.

Ulisema pia kwamba yaliyomo chupani uliyakwangua kwa mswaki wa mtoto kutoka kwenye majani ya mwisho ya hori ile kabla hayajafunikwa. Mahali pengine popote, ulisema, jamii hiyo ya mimea pamoja, aina zote zikikaa kama zilivyokaa pale, hukuwa umeiona tena. Nilikuuliza kwa nini usiziache kwenye kituo chenu cha utafiti, penye vyombo na mashine. Ulijibu, "Nani ataziangalia nikiwa sipo?" Nikadhani unazungumzia likizo.

Kisha kuna habari ya chakula chako.

Kadzo alikupikia peke yake, kwa sufuria yake, na hakumruhusu mtu mwingine kukupakulia. Mama alichinja kuku, ukaonja kidogo na kuisukuma sahani kando. Baba Mdogo alileta dawa ya mizizi kutoka kwa mzee mmoja wa Masimba, Kadzo akaipokea kwa mikono miwili na asubuhi yake nikaikuta imemwagwa nyuma ya choo. Niliweka moyoni. Siku moja nilichovya kidole kwenye mchuzi wako uliobaki nikakuta hauna ladha yoyote, kama maji ya kuoshea, nikawaza, mwanamke anayepika hivi kwa mume mgonjwa anaficha nini?

Wewe ukafa. Naandika neno hilo kwa sababu nimeamua nisilizunguke.

Baada ya mazishi tulitarajia Kadzo arudi kwao. Hakurudi. Alikaa ndani ya nyumba yako, mlango umeegeshwa, akitoka tu kuteka maji na kurudi mbio. Haelewi lugha yetu, Ekegusii, na akinamama waliokuja kumfariji waliketi naye kimya, wakaondoka wakisema ana kiburi. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini nilikuwa nikimwona dirishani. Anainua chupa moja kwenye mwanga, anaitikisa polepole, anadondosha humo kitu kutoka kwenye kichupa kidogo, na midomo yake inacheza. Midomo ndiyo iliyonitisha. Alikuwa akisema na nani?

Nilianza kumfuatilia. Nikikuta majivu jikoni kwake nayachokora. Akipigiwa simu nasimama karibu na ukuta. Mara moja nilimsikia akimwambia mtu, "La, bado ziko hai. Hawajui." Maneno matano tu, na mimi nikajenga juu yake nyumba nzima.

Wengine nao walikuwa wakijenga ya kwao. Ng'ombe wa jirani akaharibu mimba. Mvua ya mawe ikapiga chai ya upande wetu na kuruka upande wa pili wa barabara. Pale sokoni Birongo watu walianza kunyamaza nilipofika kwenye kibanda cha ndizi. Mwishowe mama mmoja tunayesali naye akaniambia waziwazi, "Bosibori, hiyo kitu iko kwa dirisha yenu si maji. Watu ya Pwani wanafuga majini kwa chupa. Huyo mwanamke alimaliza ndugu yako, sasa anatafuta mwingine." Akalitaja neno lile ambalo hapa kwetu halitajwi bure: omorogi, mchawi. Unajua linapotajwa mara moja linavyotembea. Unajua kuna nyumba zilizochomwa wenyewe wakiwa ndani.

Ungetarajia nimkatalie, mimi niliyesomea mambo ya maabara. Nilimwambia tu kwamba nitachunguza.

Jioni hiyo nilimwendea Kadzo nikamwomba tone moja kutoka kila chupa, nikalitazame shuleni.

"Chupa hazitoki humu, wifi," alisema. "Ndivyo alivyoniagiza. Wataka kuona, ilete hadubini hapa, nami nitakufungulia mwenyewe."

"Unaogopa nini nikizichukua?"

"Naogopa hazitarudi."

Alinitazama moja kwa moja aliposema hivyo, nikajua kwamba yeye pia alikuwa akinichunguza mimi. Tulikuwa wanawake wawili katika boma moja, kila mmoja akisubiri mwenzake ajisahau.

Niliomba hadubini ya shule, ile ya kioo cha kukamatia jua, nikaileta nyumbani Jumapili. Sikujua kwamba Baba Mdogo alikuwa ameitisha watu siku hiyohiyo. Nilipofika uwanja ulikuwa umejaa, wazee kwenye viti, vijana wamesimama kando ya ua na fimbo zao, na galoni ya mafuta ya taa imewekwa karibu na mti wa parachichi kana kwamba mtu ameisahau hapo. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda cha jikoni, shuka mabegani, akitazama chini.

Nikafikiri: vizuri. Hadubini itamaliza maneno. Nitawaonyesha kwamba ni mimea tu, wataona aibu, wataenda nyumbani. Nikaweka meza juani. Kadzo akafungua chupa, akanipa tone. Nikaliweka kwenye kipande cha kioo, nikarekebisha lenzi. Nilipochungulia nilisahau watu wote. Makori, hukuwahi kuniambia kwamba ni maridadi vile. Mashua ndogo za kioo, nyingine nyembamba kama sindano, nyingine zimepindwa kama mwezi mchanga, nyingine zimepangana kama ngazi, na ndani ya kila moja tone la dhahabu. Na zilikuwa zikienda. Polepole, bila miguu, bila mkia, zinateleza mbele, zinasimama, zinarudi nyuma.

Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Nilimwita Baba Mdogo aje aone.

Aliinama, akafumba jicho moja. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaruka nyuma, kiti kikaanguka.

"Inatembea!" alipiga kelele. "Hizi vitu zinatembea!"

"Ni mimea, Baba Mdogo. Inaitwa daiatomu, ni kawaida yake kusogea..."

"Mimea gani inatembea? Chai yako inatembea?"

Wakaja wengine kuchungulia, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeinuka alikuwa amebadilika uso. Nilikuwa nimeleta ushahidi, na ushahidi ukawa wao. Mtu akasema, "Kumbe hata huyu msichana anajua kuziita kwa jina." Nikahisi macho yakihama kutoka kwa Kadzo hadi kwangu. Sijawahi kuogopa watu ninaowajua namna ile. Walikuwa watu walionibatizia wadogo zangu, walionibebea mchanga wa nyumba, na sikujua ni nani kati yao angeanza.

Kijana mmoja aliingia ndani akatoka na chupa mkononi. Kadzo alimfuata akiomba, "Hiyo jamani, hiyo sina nyingine yake." Kijana aliitupa kwenye jiwe la kunolea panga. Harufu ya bahari ikajaa uwanjani kwetu, katikati ya chai na migomba. Kadzo alipiga magoti akajaribu kukusanya maji kwa leso yake, vioo vikimkata vidole. Hakulia. Alikuwa akiikamua leso ndani ya kikombe cha plastiki, tone kwa tone.

Baba Mdogo akasimama mbele yake. "Sema ukweli na utaenda kwenu na uhai wako. Ulimlisha nini mtoto yetu? Kwa nini ulimpikia peke yake? Kwa nini hukutaka tuonje?"

Kadzo aliinua uso, akamtazama Mama. Hakumtazama mtu mwingine. Nami nikamtazama Mama, nikaona jambo ambalo kwa muda wote huo wa kuchungulia madirishani na kuchokora majivu sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Mama alijua.

Alichelewa kuinuka. Nilidhani hatainuka. Kisha akaweka mkono ukutani, akasimama.

"Alimpikia bila chumvi," alisema. "Ini lilikuwa limeharibika. Daktari wa Pwani alikataza chumvi kwa sababu ya maji ya tumbo, na akakataza dawa za mizizi. Makori aliniambia mwenyewe, tukichuma chai, siku ya pili baada ya kufika. Akaniapisha nisimwambie Bosibori, kwamba ataacha kazi aje kumuuguza. Huyu msichana alinikuta nalia jikoni akanifuta macho. Anajua kwamba najua."

Baba Mdogo alimwacha Kadzo akamgeukia Mama.

"Na wewe umekaa hapo?" Baba Mdogo aliuliza. "Miezi yote hii tunasema, wewe umekaa hapo?"

"Nilikuwa na hasira," Mama alisema. "Sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Mkaniletea mtu."

Kisha alitembea hadi kwenye lile jiwe, akainama kwa shida yake ya magoti, akachovya kidole kwenye maji yaliyomwagika na kukilamba mbele yao wote. Akakunja uso. "Chumvi," alisema. "Kama kuna jini, limeingia. Ngojeni hapa mwone nikifa."

Hakuna aliyengoja. Waliondoka wawili wawili, wakijifanya wana ng'ombe wa kukamua. Nilitafuta ile galoni ya mafuta ya taa chini ya mti; ilikuwa imeondoka pia, na mpaka leo hakuna aliyesema ilikuwa yake.

Usifikirie kwamba mambo yote yameisha. Baba Mdogo hunisalimu kwa kichwa tu. Kuna wanaosema Mama amerogwa ndiyo maana akatetea. Mimi mwenyewe siko sawa. Namwona Mama akikoroga uji nawaza: angenyamaza hadi wapi? Kama Kadzo asingemtazama, je, angesimama? Nilimuuliza. Alisema, "Sijui," na akaendelea kukoroga. Nashukuru hakunidanganya, lakini lile "sijui" linakaa nami mezani kila tukila.

Na Kadzo, nilimuuliza juu ya simu. Alikuwa akisema na mwenzako wa kituoni, yule dada uliyemfundisha kukwangua majani. "Hawajui" maana yake sisi nyumbani hatukujua ni vitu vya thamani gani. Kile kichupa kidogo, alisema, kilikuwa na chakula cha mimea ile. Nikamuuliza na midomo ilikuwa ikisema nini. Aliona haya. Alisema ulimfundisha majina ya Kilatini ya mimea hiyo, na alikuwa akiyarudia kila asubuhi asiyasahau, kwa sababu ilikuwa sauti yako ya mwisho aliyobaki nayo.

Yule dada alikuja wiki iliyopita kuchukua chupa. Nilimhoji kama polisi. Nani amemtuma, zitakaa wapi, nani ana ufunguo, kituo kinasema nini juu ya mwani ule wa ng'ambo, kwa nini wewe hukuziacha kwao tangu mwanzo. Alijibu mengine na mengine akayakwepa. Alikiri kwamba wapo wakubwa wasiopenda kusikia ubaya wa mwani unaouzwa, na kwamba wewe ulikuwa umeshachoka kubishana nao. Alisema hori yako sasa imefunikwa yote. Alikwenda kaburini peke yake akakaa huko hadi macho yakavimba. Sikumwamini kabisa. Nilimwamini nusu, na nikampa nusu. Kila chupa tuliigawa mara mbili, mimi na Kadzo na yeye, kwa utaratibu uliomfundisha. Nusu yake imerudi Pwani. Nusu yetu iko hapa maabara, kwenye dirisha la jua, nimeifungia kabati la kioo na ufunguo nauvaa shingoni.

Ile iliyovunjika haikupona. Maji ya kwenye leso yalikuwa na udongo mwingi, yakawa meupe, kisha yakanuka. Hadubini inaonyesha magamba matupu tu. Kadzo anasema ile ilikuwa ya upande wa kaskazini wa hori, kwenye mwamba, na kwamba hapatakuwa na nyingine. Tuliyamwaga kaburini kwako. Hatukujua pengine pa kuyapeleka.

Kadzo anakwenda kwao mwisho wa mwezi. Mama alimwomba abaki. Alimjibu kwa upole kwamba atakuja kutuona, ila hapa hawezi kulala usingizi tena, na Mama hakumbembeleza. Namwelewa. Mimi nimezaliwa hapa, na bado nikisikia hatua uani naamka kusikiliza.

Sasa nisikilize, Makori. Shule zikifungwa nitamfuata Kadzo. Atanipeleka horini maji yakipwa, mimi nisiyejua kuogelea, na nitainua blanketi la mwani ule kwa mikono yangu niangalie chini yake kumebaki nini. Nikikuta jani moja lenye utelezi wako, nitalikwangua. Nisipokuta, nitaandika kwamba halipo, na jina langu nitaliweka, na wale wakubwa wasiopenda kusikia watanisikia. Sitamwamini mtu kwa haraka. Wala sitamhukumu mtu tena kutoka nyuma ya ukuta. Nikiwa na swali nitaliuliza mlangoni, mchana, usoni.

Wanafunzi wanarudi, wana matope hadi magotini. Nitawaonyesha tone moja leo. Nitawaambia mapema kwamba zinatembea.

Pumzika, kaka. Sisi tuko macho.

Bosi